Filimbi Asiyoisikia Kija

Mtu asiyesikia filimbi anachaguaje filimbi? Swali hilo ndilo lililonifanya nizime jiko la chai asubuhi ya siku ya kazi, wateja wakiwa bado wanataka chapati, nikamfuata Kija mpaka kwenye karakana ya Obedi pale Igoma. Wateja walinung'unika. Niliwaambia nimepata dharura ya kifamilia. Kuna uongo ambao Mungu huufumbia macho, na nadhani ule wa udadisi ni mmojawapo.

Naitwa Dorcas. Nauza chai kule juu kwenye mawe, ambako kinamama wanagonga kokoto. Watu husema mimi ni mmbea, na wanakosea. Mmbea hupeleka maneno. Mimi nayapokea tu, nayaweka, nayageuzageuza nikiwa nasukuma chapati, mpaka nielewe. Jambo nisilolielewa huninyima usingizi kuliko mbu wa ziwani.

Kija ndiye mgonga kokoto wa zamani kuliko wote pale. Hukaa chini, mguu mmoja ameunyoosha, jiwe amelizungushia pete ya mpira wa gari lisiruke, nyundo inapanda na kushuka. Nyumba nyingi za Igoma zimesimama juu ya kokoto zake, na nyundo hiyo imemlia masikioni tangu akiwa msichana. Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye maneno machache yanayouma. Ukimwomba ushauri atakupa, ila usitegemee kuupenda.

Kila baada ya mavuno, Kija huyo huyo hujifuta vumbi na kuwa mtu mwingine kabisa. Anakuwa kiongozi wa filimbi wa kikundi chetu cha bugobogobo, ngoma ya majembe.

Nieleze kidogo kwa wewe usiye wa huku. Wasukuma tukimaliza kuvuna, tunacheza, na hatuchezi kwa kupeana zamu. Vikundi viwili vinaingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, sisi Bagika huku, Bagalu kule, ngoma zinapigwa kwa pamoja mpaka utumbo unatikisika, na watazamaji wanakimbilia upande unaowafurahisha. Wenye watu wengi jua linapoinama ndio washindi. Katika kelele hizo, mchezaji aliyerusha jembe lake juu na kulisubiri lishuke hana nafasi ya kuuliza nini kinafuata. Anasikiliza filimbi. Mlio mmoja mfupi, jembe juu. Miwili, geuka. Mmoja mrefu, wote magoti chini.

Halafu tunatukanana kwa nyimbo. Sio matusi ya ugomvi, ni utani wa msimu. Bagalu humtafuta kiongozi wetu wakamtungia wimbo juu ya pua yake, mapishi yake, namna anavyotembea. Aliyeimbwa ndiye anayejibu, na hakuna anayeruhusiwa kumjibia. Kwa hiyo kuimbwa na Bagalu ni heshima. Msimu ukipita hawajakugusa, ujue kwao umeshakufa, umebaki kuzikwa.

Mwaka jana Bagalu waliimba, na Kija alisimama mbele akitabasamu, mikono kiunoni, akisubiri wimbo uishe. Ulipoisha akaniinamia.

"Dorcas, wamesema nini juu yangu?"

Nilitazama viatu vyangu. Walikuwa wamemwimba Rebeka. Rebeka ni mchezaji wetu wa mstari wa mbele, kijana, ana miguu, ana sauti, ana nywele za bandia ambazo Bagalu walizishughulikia wimbo mzima. Kija hawakumtaja hata kwa bahati mbaya. Nilimwambia ukweli, kwa sababu kumdanganya Kija ni kazi ngumu kuliko kokoto. Alivua ushanga wa kichwani, akaukunja taratibu, akautia kwenye mfuko.

Nilimhurumia, lakini nikabaki na swali. Wimbo uliimbwa mbele yake, kwa lugha ya mama yake. Kwa nini aniulize mimi?

Siku zile zile nikaanza kumchunguza. Simu yake ililia ndani ya kikapu, karibu na goti lake, naye akaendelea kugonga. Ndege walipiga kelele juu ya mwamba, wote tukainua macho isipokuwa yeye. Lakini lori likinguruma bondeni, alikuwa wa kwanza kusema, "Wateja hao." Nilipomweka kitako na kumuuliza, hakunificha. Alishakwenda hospitali kimya kimya. Daktari alimpima kwa mashine akamwambia sauti nzito zimebaki, nyembamba zimekwenda na hazirudi. Nyundo ndiyo iliyozila. Anasikia ngoma, anamsikia mtu anayeongea karibu naye, ila nyimbo za watu wengi kwake ni mvumo tu, maneno yanapotea. Filimbi haisikii kabisa, hata iliyo mdomoni mwake.

"Ukimwambia mtu," akasema, "kesho yake filimbi anashika Rebeka. Na mimi nitabaki na nini? Mawe?"

"Dada Kija, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Kifo hakijafika Igoma. Mimina chai."

Nikakaa na siri hiyo mwaka mzima, mimi ambaye watu wananiita mmbea. Nilikonda. Wenzangu wanasema nilikonda kwa sababu nilihamia Kiseke na sasa natembea sana, lakini mimi najua ni ile siri.

Basi mwaka huu, mashindano yakiwa yamekaribia, filimbi ya zamani ya Kija ikapasuka. Aliiacha kwenye benchi siku ya kikao cha kikundi na mtu akaikalia. Kija hajawahi kumtaja mtu huyo. Ila kila anapoisimulia habari hiyo humtazama Rebeka kuanzia kiunoni kwenda chini. Rebeka, maskini, alileta filimbi ya plastiki, ya marefa wa mpira. Kija aliipuliza mara moja akamrudishia.

"Mimi sio refa."

Baadaye tukiwa wawili akaniambia sababu yenyewe. "Ile ya plastiki hainiambii kitu. Mti unatetemeka kwenye kidole. Nikishika mti, najua nimepuliza. Nikishika plastiki, ni kama napuliza uji."

Ndipo akaamua kwenda kwa Obedi, na mimi nikazima jiko.

Obedi ni fundi wa mbao. Anachonga mipini ya majembe, vinu, miiko, na filimbi pale anapopata kipande kizuri. Karakana yake iko kando ya barabara ya Musoma: mabati manne, maranda hadi kwenye kifundo cha mguu, mbwa mzee anayelala kwenye maranda hayo, na kuku wanaochakura wanachokijua wenyewe. Ng'ambo ya barabara kuna fundi cherehani na vijana wa bodaboda. Siku hiyo kulikuwa pia na mzee mmoja mgeni, amekaa kwenye gogo, anasubiri mpini wake upigwe msasa. Alisema anaitwa Nkwabi na ametoka upande wa Kisesa.

"Shikamoo mama," Obedi alisema. "Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba," Kija akajibu. "Nataka filimbi ya ngoma. Sio ya kuning'iniza ukutani."

Obedi akashusha kamba ya katani yenye filimbi kama saba hivi. Zilikuwa na urefu wa kidole cha kati, nene kidogo, tundu kubwa juu la kupulizia na matundu mawili madogo ubavuni ya kuziba na kuachia. Alikuwa amezipaka samli zikang'aa. Nilitaka kumwona Kija akiziweka sikioni au akiniomba nizisikilize kwa niaba yake. Kumbe nilikuwa simjui.

Aliikamata ya kwanza, nyembamba, ya mpera. Badala ya kumgeukia Obedi, akampa mgongo, akasimama mlangoni anatazama barabarani. Akapuliza. Mimi nilishtuka. Mbwa alisimama. Fundi cherehani ng'ambo aliinua kichwa, na kijana wa bodaboda akatazama nyuma akidhani ni trafiki. Kija aliwatazama wote mmoja mmoja, kisha akatazama kidole chake kilichoshika ubavu wa filimbi.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini mama? Si umeona watu walivyoshtuka?"

"Wameshtuka. Mimi sijashtuka."

Obedi alinitazama. Mimi nikatazama dari, ambalo halikuwepo.

Ya pili ilikuwa nene, ya mninga. Alipoipuliza nilimwona anatabasamu, kidole kinacheza ubavuni mwa ule mti. Akatazama barabarani. Mbwa alikuwa amerudi kulala. Fundi cherehani alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano. Kuku mmoja alipita mbele ya Kija bila hata heshima.

"Hii inaniambia mimi peke yangu," akasema, akairudisha kwa huzuni.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikafurahi kama mtu aliyeokota kitu. Alikuwa anatafuta filimbi yenye mambo mawili: imtetemeshe yeye kidoleni, na igeuze vichwa vya watu. Alikuwa anaisikiliza kwa ngozi yake na kwa shingo za wengine. Nilitaka kupiga makofi, lakini siri ni siri.

Akaendelea. Nyingine ilikuwa na ufa ambao Obedi aliapa hakuuona. Nyingine iligeuza vichwa nusu. Obedi alianza kuchoka na kumweleza ubora wa kila mti, jinsi ulivyokauka, mwezi gani umekatwa, na Kija akawa anatikisa kichwa tu kwa sababu alikuwa amempa mgongo na wala hasikii.

Ya mwisho ilikuwa ya mzambarau, nyeusi kidogo, yenye fundo dogo karibu na mdomo. Akaishika. Akapuliza mlio mmoja mfupi.

Mbwa alisimama. Fundi cherehani aligeuka. Bodaboda waligeuka. Na yule mzee Nkwabi, aliyekuwa amekaa kwenye gogo nusu amesinzia, aliruka wima kama aliyeumwa na siafu, akaunyakua mpini wake ambao haujaisha, akaurusha juu na kuudaka. Halafu akabaki ameushika, anatutazama kwa aibu.

"Samahani," akasema. "Mwili umetangulia."

Kija alimtazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake. Akapuliza miwili. Mzee akageuka. Akapuliza mrefu, na Nkwabi, magoti yakilia, akaanza kushuka chini kwenye maranda. Obedi alicheka mpaka akashika msumeno asianguke.

"Hii," Kija alisema. "Hii inaita watu hata wasiotaka."

Wakaelewana bei na tukaondoka. Njiani alikuwa anaipapasa kama mtoto mchanga. Mimi nilikuwa na swali dogo linalonikwaruza: yule mzee alizijuaje alama hizo haraka vile? Lakini nikasema moyoni, kila Msukuma mwenye umri wake amewahi kurusha jembe. Nikaliacha lipite, jambo ambalo si kawaida yangu.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa. Bagalu walikuja na Machibya, kiongozi wao wa filimbi, mzee mrefu aliyevaa manyoya ya mbuni na majivuno. Sisi tulikuwa na majembe yaliyosuguliwa mpaka yanatoa mwanga. Nilitandika meza yangu ya chai mahali ninapoona kote kote. Ngoma zikaanza, zetu na zao, vumbi likapanda, watu wakaanza kukimbia huku na kule.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Kija alipuliza, majembe yetu yakapanda pamoja na kushuka pamoja. Nilimwona anatazama mstari wake, kichwa kwa kichwa, kama alivyotazama barabara. Watu wakaanza kusogea kwetu.

Halafu majembe yetu yakapanda bila yeye kupuliza.

Niliona mkono wake uko chini, filimbi iko kifuani. Wachezaji wetu wakageuka, tena bila yeye. Uso wake ukabadilika, na nilijua anawaza nini: Rebeka. Alimwendea akamsogelea hadi puani.

"Nani amekwambia ugeuke?"

"Si wewe dada! Si umepuliza?"

"Sijapuliza."

"Umepuliza! Wote tumesikia!"

Maskini Kija. Mtu anayesikia akiambiwa hivyo anaweza kubisha. Yeye angebisha kwa sikio lipi? Alisimama katikati ya uwanja, wachezaji wake wanapanda na kushuka kwa amri ya mtu asiyemwona, na watu walioanza kusogea kwetu wakaanza kurudi. Niliogopa, nasema kweli. Nilidhani siku aliyoikimbia mwaka mzima imemfikia mbele ya kadamnasi.

Akainua filimbi, akapuliza mmoja mfupi, kwa hasira tu. Majembe yetu yakapanda. Lakini macho yake yalikwenda mbali zaidi, ng'ambo ya vumbi, kwa sababu amezoea kutazama nani amegeuka. Na kule ng'ambo, katikati ya mstari wa Bagalu, alimwona mzee anayemfahamu. Nkwabi wa kwenye gogo, jembe lake likiwa hewani.

Na sio Nkwabi peke yake. Mstari mzima wa Bagalu ulikuwa umerusha majembe kwa filimbi ya Kija.

Kija aliirudisha filimbi mdomoni. Akapuliza miwili. Bagika wakageuka, Bagalu wakageuka. Machibya kule akapaliwa, akapuliza kuwarudisha, na wote tena, wetu na wao, wakarudi. Filimbi mbili zenye sauti moja na alama zile zile, na wachezaji wa pande zote hawajui wanamtii nani. Wenye masikio wote uwanjani walichanganyikiwa, na mimi mmojawapo. Mtu mmoja tu alikuwa anaona wazi nani ameamrisha nini, kwa sababu alikuwa haongozwi na sauti.

Kija akawageukia wachezaji wetu. Akatia vidole masikioni mwake, akavitoa, akayaonyesha macho yake mawili, kisha akainua jembe lake juu.

"Msisikilize! Niangalieni!"

Rebeka ndiye aliyeelewa kwanza. Nampa haki yake. Alimpiga kiwiko aliye kulia, akampiga aliye kushoto, na habari ikapita kwenye mstari mzima. Kuanzia hapo Bagika walicheza kwa kutazama jembe la Kija, na filimbi ya Machibya ikapita juu ya vichwa vyao kama upepo wa ziwani. Kija akabaki na filimbi yake bila kazi. Basi akaipa kazi ya kuwachezesha Bagalu.

Akapuliza mlio mmoja mrefu. Bagalu wote magoti chini. Sisi tumesimama, tunacheza. Machibya akawainua. Kija akawashusha. Machibya akapuliza mpaka manyoya ya mbuni yakamdondokea puani, na Kija, bila haraka, akawageuza wakampa kiongozi wao mgongo. Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Watu walihama kule kama maji yanavyoshuka mlimani, wakatujaa sisi, wakapindua hata sufuria yangu ya chai, na sikujali. Jua lilipoinama, upande wa Bagalu walibaki mbwa na wapiga ngoma wao.

Ngoma ikivuma sana hupasuka, na Machibya alikuja amepasuka kwa hasira. Alimkuta Obedi katikati ya watu, akamshika, wakaziweka filimbi mbili kwenye kiganja kimoja. Mzambarau huu na mzambarau ule, mpaka rangi zinaendelea kutoka kwa moja kwenda kwa nyingine.

"Ni tawi moja mzee," Obedi akasema. "Lilikuwa zuri, nikapata mbili. Sikujua mtakuja uwanja mmoja."

Machibya akamgeukia Kija. Hasira yake ilikuwa imeanza kuwa kitu kingine, kitu ninachokijua vizuri. Alikuwa anataka kujua.

"Mayu," akamwita kwa heshima, kama anavyoitwa mama kwetu. "Mimi filimbi yako ilinichanganya mpaka nikasahau jina langu. Wewe yangu haikukubabaisha hata kidogo. Umefanyaje?"

Tulikuwa tumemzunguka wote. Angeweza kusema ni uzoefu. Angeweza kusema ni dawa za Bagika, na Machibya angeamini mara moja na kwenda kutafuta zake. Nilimtazama, nikamwona amechoka. Hakuchoka kwa kucheza.

"Sikuisikia," akasema. "Filimbi sisikii. Hata hii yangu. Ni mwaka sasa."

Hakuna aliyecheka. Rebeka akasogea mbele. "Kwa hiyo mwaka mzima tunaongozwa na mtu asiyesikia?"

Sidhani alikusudia ubaya. Lakini maneno yakishatoka yanapata miguu. Kwenye kikao cha kikundi siku mbili tatu baadaye, mmoja akasema ushindi ulikuwa wa bahati. Mwingine akasema uwanja ujao filimbi hazitafanana, itakuwaje? Mwingine akasema kwa upole, na upole huo ndio uliouma, kwamba dada Kija apumzike, ametumika vya kutosha. Kija akainuka. Aliiweka filimbi ya mzambarau mezani, akaisogeza kwa Rebeka, akatoka. Asubuhi nilimkuta kwenye mawe anagonga. Nilimpelekea chai, hakuinywa, ikapoa ikaweka utando juu. Nikaimwaga, nikarudi kwenye jiko langu.

Marudiano na Bagalu yalikuwa uwanja ule ule. Kija alikuja, lakini hakusimama na wachezaji. Alikaa nyuma ya meza yangu, kwenye ndoo iliyopinduliwa, akijifanya ananisaidia kuosha vikombe. Aliosha kikombe kimoja muda wote. Mbele, Rebeka alishika filimbi, amevaa ushanga wa kiongozi.

Bagalu ndio walioanza na wimbo. Machibya alipiga hatua mbele, wenzake wakaitikia, ngoma ikashuka ili maneno yasikike. Rebeka alijinyoosha kuupokea. Nami nikaacha kumimina, nikategea sikio.

Walipomaliza ubeti wa kwanza, uwanja ukapiga yowe. Na vichwa vikaanza kugeuka. Watazamaji waligeuka, Bagika wakageuka, wapiga ngoma wakageuka, na Bagalu wakanyoosha majembe yote, mstari mzima, kuelekea meza yangu ya chai.

Kija aliinua macho kutoka kwenye kikombe. Ngoma alikuwa anaisikia. Maneno hapana. Lakini vichwa aliviona, na hakuna mtu Mwanza nzima anayejua kusoma vichwa kuliko yeye.

Rebeka alikuwa anakuja, anapasua watu. Alivua ushanga akiwa njiani. Alipofika alitoa filimbi kwa mikono miwili.

"Dada, umeimbwa wewe. Mimi sina la kuwajibu. Walikuja kukutafuta wewe."

Kija hakuipokea. Alinishika mkono, mkono wake umelowa maji ya vyombo.

"Dorcas. Wamesemaje?"

Nilimsogelea sikioni nikaongeza uzito wa sauti. Walikuwa wameimba Kisukuma, nami nikamrudishia vivyo hivyo, bila kupunguza tusi lolote, kwa sababu hayo yalikuwa yake:

Kija mgonga kokoto, masikio yako mawe,
ulitupigisha magoti, wazee wazima, mchana kweupe.
Njoo, kiziwi wa Igoma, umejificha kwa muuza chai?
Wewe hujisikii, sisi tunakusikia.

Alikuwa ananitazama midomo. Machozi yalimtoka, hakuyafuta, na wakati huo huo anacheka, meno yote nje. Uwanja mzima ulikuwa unamsubiri.

"Rudia," akasema.

Nikarudia, neno kwa neno, mpaka lile la mwisho. Kisha akaichukua filimbi kwa Rebeka, akainuka kwenye ndoo, akaenda kuwajibu.